Mwongozo wa kununua treni ndogo: beba sumaku kwanza

Februari mwaka jana nilimnunulia baba seti ya treni ndogo. Alifanya kazi ya reli tangu enzi za East African Railways, akaendelea baada ya jumuiya kuvunjika mwaka 1977, na hata sasa amestaafu hukaa barazani hapa Tororo akisikiliza treni za mizigo zikiingia kutoka Malaba. Nikasema mzee naye apate ya kwake, mezani. Seti ikaja kutoka Kampala: kichwa kizuri cha kipimo cha HO (yaani kidogo mara 87 kuliko treni ya kweli), mabehewa matatu na reli za duara moja. Ilikimbia vizuri wiki kadhaa, mpaka mvua za Machi zilipoanza. Kufika Aprili treni ikawa inashtuka-shtuka, inasimama, unaisukuma kwa kidole, inakwenda shibiri mbili na kusimama tena. Taa ya mbele inawaka, inazimika. Baba aliinama, akapitisha kidole juu ya reli, akanionyesha kidole chenyewe. Kilikuwa chekundu.

"Mwanangu, hii ni kutu."

Sitaitaja kampuni iliyotengeneza seti ile wala duka lililoniuzia, kwa sababu kasoro hii si ya mmoja. Imo katika seti nyingi, na karibu hakuna mnunuzi anayeiulizia. Nina wenzangu ambao hutumiana nami picha za meza zao. Mmoja ni mstaafu wa Jinja aliyechonga daraja la Nile kwa vijiti vya mbao. Mwingine ni kijana wa Mbale mwenye vichwa kumi na viwili kabatini na reli zisizozidi futi nne. Wote wakitaka kununua huuliza yale yale: kipimo gani, kichwa gani, kina taa, kina sauti? Hayo utayasoma kwenye boksi. Mimi hapa nauliza jambo moja ambalo mara nyingi boksi halisemi: reli zenyewe ni za madini gani?

Treni hizi hupata umeme kwenye reli. Kidhibiti, kile kisanduku cha kuendeshea kinachochomekwa ukutani, kinapeleka volti 12 hivi kupitia reli mbili, magurudumu yanaupokea umeme ule na mota inazunguka. Sasa fikiria gurudumu linagusa reli kwa eneo gani: ni padogo kuliko punje ya ulezi. Kichwa cha treni ya kweli kina tani nyingi za kuponda uchafu, hiki chako ni chepesi kuliko mfuko wa sukari. Utando mwembamba wa kutu unatosha kukata umeme. Ukikatika na kurudi, inaruka cheche, cheche inaacha weusi kwenye gurudumu, na weusi ule unazidisha kukatika. Unadhani mota imekufa, kumbe mota ni nzima kabisa.

Wengi wakiona kutu huchukua msasa. Nami nilichukua, na ndipo nilipoimaliza kabisa seti ya baba. Reli za chuma mara nyingi hupakwa ngozi nyembamba ya madini mengine. Msasa unaichuna ngozi hiyo, na ile michubuko inakuwa kiota cha vumbi. Hapa kwetu kuna vumbi la murram na la saruji, na miezi ya mvua nyumba nzima ina unyevu. Kutu ilirudi ndani ya wiki moja.

Madini utakayokutana nayo ni matatu. Chuma ni rahisi na kinashika kutu. Shaba njano utaikuta kwenye seti za zamani. Haishiki kutu, lakini huvaa utando wa kahawia usiopitisha umeme vizuri, kwa hiyo kazi yako ni kusugua kila mara. Ya tatu ni nikeli-silva. Licha ya jina lake hakuna silva, yaani fedha, ndani. Ni mchanganyiko wa shaba nyekundu, nikeli na zinki. Haishiki kutu, na ikichafuka unaipangusa kwa kitambaa cha pamba chenye isopropili, ile wanayosafishia mafundi wa simu. Hii ndiyo unayoitaka.

Shida ni kwamba chuma kipya na nikeli-silva vyote vinang'aa vyeupe, macho hayatakusaidia. Kwa hiyo toa sumaku kwenye spika mbovu, uende nayo dukani. Iguse reli. Ikinasa, ni chuma, rudisha boksi mahali pake. Isiponasa, ni nikeli-silva au shaba, na shaba utaitambua kwa umanjano. Jaribu vipande vitano au sita, vya kona na vya kunyooka, maana kwenye vitu vilivyokwisha tumika wauzaji huchanganya.

Sasa nipange ninavyoona mimi.

Ya kwanza ni Kato, na sifichi mapenzi yangu

Kato ni kampuni ya Japani, na mfumo wake wa reli unaitwa Unitrack. Reli ni nikeli-silva, zimekaa juu ya tuta la plastiki lenye rangi ya kokoto, mataruma yake yamo humo humo. Unaziunganisha juu ya meza bila msumari hata mmoja. Kilichonishinda moyo hasa ni kiungio. Kila ncha ina kiungio kinachobana kwa sauti, tak, na kikichakaa unakichomoa na kupachika kipya. Viungio vinauzwa peke yake. Kwenye mifumo mingine kiungio kikilegea umeme unapungua upande wa mbali wa duara, treni inapanda mlima ambao haupo, na wewe unalaumu kidhibiti.

Kwa kipimo cha N, kilicho kidogo kuliko HO, ambacho reli yake ina upana wa milimita 9, kona ya kawaida ya Kato ina nusu kipenyo cha milimita 315. Duara zima pamoja na tuta linakaa ndani ya sentimita 66. Meza ya kulia inatosha, na jioni unalikunja.

Nilipotupa reli zenye kutu nilimnunulia baba Unitrack za HO, zile za milimita 16.5. Kichwa ni kile kile, nilichokisafisha magurudumu tu. Kilikimbia siku hiyo hiyo, na kimepita misimu yote ya mvua iliyofuata bila kusukumwa kwa kidole.

Baadaye nikaongeza meza ya N, na hapa kuna sababu ya moyoni. Kato wanatengeneza treni za Rhaetian Railway ya Uswisi, pamoja na ile Glacier Express nyekundu. Rhaetian ni reli ya upana wa mita 1, kama hii yetu inayotoka Mombasa mpaka Kampala. Baba alipoiona ikipinda kona na mabehewa yake alikaa kimya kidogo, kisha akaanza kunieleza habari za vichwa vya mvuke vya Garratt vya rangi ya damu ya mzee. Rangi si moja, lakini ni ndugu. Anayetaka vipimo kamili vya reli ya mita kwenye HO anatafuta HOm, upana wa milimita 12, na Bemo wa Ujerumani ndio wenye nayo. Ni nzuri sana na bei yake inauma.

Onyo moja, na nalisema kwa uchungu kwa sababu kijana wa Malaba aliniletea kidhibiti chake kikinuka moshi. Kidhibiti cha Kato kilichotengenezewa soko la Japani kinataka volti 100. Ukutani kwetu kuna 240. Ukikichomeka na adapta ya kubadilisha pini tu, umekiunguza. Agiza reli na treni za Kato, halafu nunua kidhibiti cha Gaugemaster wa Uingereza, ambacho plagi yake ya pini tatu inaingia kwenye soketi zetu moja kwa moja. Kinatoa mkondo ule ule, treni haitajua tofauti.

Utaambiwa pia habari za Tomix, nayo ya Japani. Reli zake ni nzuri, ila viungio vyake na vya Kato havishikani bila kipande maalumu cha kuunganishia. Chagua ukoo mmoja.

Ya pili ni Peco, kwa mwenye mikono ya fundi

Hii si seti. Ni reli za nikeli-silva za Uingereza, kila moja urefu wa milimita 914, unaipinda utakavyo na kuipigilia ubaoni. Unahitaji msumeno mdogo, ubao mnyoofu na subira. Yule mstaafu wa Jinja ametandika Peco juu ya daraja lake, na picha zake ndizo nzuri kuliko zetu zote.

Ya tatu ni Hornby, lakini mpya

Hornby wa Uingereza hutumia kipimo cha OO, kidogo mara 76 kuliko treni ya kweli, na seti zake za Uingereza zina plagi kama yetu. Reli mpya ni nikeli-silva. Tatizo ni za zamani, zinazoingia nchini ndani ya makontena pamoja na mivumba, yaani mitumba. Nyingi ni za chuma, na utakuta boksi limeandikwa jina lile lile. Hapo sumaku haina mbadala.

Ya nne ni Bachmann, ukiangalia rangi ya tuta

Reli za Bachmann za HO, E-Z Track, zina tuta la rangi mbili. Tuta jeusi, reli ni chuma. Tuta la kijivu, reli ni nikeli-silva. Kwa picha ya mtandaoni hilo linakutosha kuamua. Andaa nafasi, maana kona ya nusu kipenyo cha milimita 457 inataka ubao wa upana wa mita 1 kamili.

Za betri zinazouzwa kando ya barabara zina reli za plastiki. Hazishiki kutu. Ni za mtoto wa miaka minne.

Sasa wauzaji. Kodi sigombani nayo, imeandikwa: VAT ni asilimia 18, inahesabiwa juu ya bei pamoja na usafiri na ushuru, na mwenye kuagiza anajipangia. Ninachogomba nacho ni mtu kuniuzia kitu cha mamia ya maelfu ya shilingi bila kujua, au bila kutaka kusema, kimetengenezwa kwa nini. Muuza mabati atakuambia geji. Muuza waya wa umeme atakuambia ni shaba au ni alumini, na akikudanganya utarudi naye kwa mwenyekiti. Muuza treni anakuambia "ni original, dada," basi. Nimetajiwa bei tatu za seti moja ndani ya wiki moja, na iliyokuwa juu ni ile niliyoulizia kwa Kiingereza. Ukirudisha mzigo wenye kutu unaambiwa hukuutunza, kana kwamba treni ya kuchezea ndani ya nyumba ilikuwa ya kufunikwa turubai.

Juzi nilimpigia mmoja wa Kampala mwenye seti niliyoipenda. "Kaka, naomba uweke sumaku juu ya reli, unitumie video." Akasema sawa. Tangu Jumatatu amenitumia picha ya boksi mara nne.