Nilivyopeleka shilingi za babu kwa sonara Kampala: uzoefu wangu

Haya jamani, wengi mmeniuliza zile sarafu ziliishia wapi. Babu yangu wa Arua alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku kwetu), alipigana Burma akarudi, akaacha kopo la sarafu ambalo limekaa chini ya kitanda cha shangazi miaka yote mpaka juzi tukasema hebu tujue kama ni mali au ni vyuma tu. Ndani ya kopo kulikuwa na shilingi 24 za King George, zile za simba amesimama na milima nyuma yake, sumuni 8, rupia moja ya Mjerumani, na shilingi zingine 11 za 1948 kuja huku.

Kosa la kwanza ni langu. Nilipima shilingi 24 na sumuni kwa kamizani kadogo ka nyumbani zikatoa gramu 215 hivi, nikaangalia bei ya fedha, yaani silver, kwa simu nikazidisha, wee, usiku huo nilikuwa nishaezeka nyumba ya shangazi mabati mapya. Kumbe shilingi ya East Africa kuanzia 1921 mpaka 1946 ni robo tu ndiyo fedha, kilichobaki sanasana ni shaba. Shilingi moja ina gramu 7.78 ikiwa mpya, fedha ya humo haifiki hata gramu mbili, sumuni ni nusu ya hapo, ina maana unahitaji shilingi 16 kupata aunzi moja ya masonara, ile ya gramu 31.1. Zangu zote pamoja na sumuni zilikuwa aunzi moja na robo tatu. Mabati basi tena.

Duka la kwanza, sonara mmoja hapo mjini, jina naliacha. Nyota moja, na hiyo ni kwa sababu walinipa kiti. Kijana alichukua shilingi ya 1925 bila kuniuliza akaikwangua tupa pembeni akadondoshea asidi, ikatoka kijani, akasema "Sista, hii ni shaba tupu." Sasa kijani lazima itoke kwa sababu shaba imo nyingi, hiyo haimaanishi fedha haimo! Akamwaga kopo lote kwa mizani, hata rupia na zile za 1948, akasema elfu sitini nichukue niende. Nikamwambia asante, nikaokota zangu moja moja. Ile alama ya tupa bado ipo, nikiiona naumia.

Wa pili ni mzee mmoja Mhindi niliyeelekezwa na rafiki, ananunua sarafu za zamani tu, na huyo nampa nyota nne. Hakugusa mizani kwanza, alivaa lenzi yake akaanza kupanga kwa mwaka. Akanionyesha vile viherufi vidogo ambavyo sisi tumeviangalia miaka bila kuviona, vinaonyesha sarafu ilitengenezwa wapi: I ni ya Bombay, SA ni ya Pretoria, H ni ya kiwanda cha Heaton kule Birmingham. Za 1924 akazisukuma pembeni, "Mama, hizi ziko kila kopo la Afrika Mashariki." Hizo bei yake ni ya kuyeyusha, yaani unalipwa ile fedha iliyomo tu. Ya 1923 akaishika kwa kingo, akageuza, akageuza tena, kisha akaguna. Mwaka huo ndio unatafutwa, ila yangu shangazi aliisugua na majivu na limau ili "ing'ae" kabla sijaipeleka, na ikang'aa kweli, uso wa King ukawa laini kama sabuni iliyotumika. Mzee akasema isingesuguliwa angenipa mara tatu. Tafadhalini msisugue, hata Colgate msitie, acheni na weusi wake.

Rupia ndiyo ilinishangaza. Ni ya 1911, Kaiser, mfalme wa Wajerumani, na kofia yake yenye tai juu, gramu 11.66 na karibu yote ni fedha, yaani hiyo moja ina fedha kuliko shilingi tano za Mwingereza. Hiyo sikuuza.

Nilimuuzia shilingi 15 na ile ya 1923, jumla laki moja na themanini, kwa mobile money papo hapo. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu alinikalisha masaa matatu na hataki kabisa kuandika risiti. Kuhusu zile 11 za 1948 kuja huku, hizo hazina fedha hata chembe, ni shaba na nikeli, na uzito unakaribiana na wa zile za zamani kwa hiyo mizani haitakusaidia, soma mwaka. Mzee alinirudishia zote na kicheko. Watoto wa shangazi wamezifanya kete za drafti, upande mmoja shilingi na upande mwingine vizibo vya soda, na wenye shilingi ndio wanafungwa kila siku.