Maji ya barafu au kutembea taratibu?

Umeruka kamba, ukarukia boksi weee. Siku ya pili mapaja yanadai chao, unashuka ngazi umeshika ukuta. Wengi husingizia asidi ya laktiki, ile inayotengenezwa na misuli ukifanya mazoezi makali, lakini hiyo hupungua damuni ndani ya saa moja hivi. Kiini ni kule kutua: msuli unavutwa huku umejikaza, nyuzi zinachanika kidogo kidogo. Maumivu hufika kilele kati ya saa 24 na 72.

Maji ya nyuzijoto 10 hadi 15, kwa dakika 10, hupunguza maumivu kweli. Una mechi kesho? Jitose. Ila ukiyazoea kila baada ya mazoezi ya nguvu, yanaweza kupunguza ukuaji wa msuli.

Kutembea hakuna gharama. Miguu inalegea ukiwa mwendoni. Ukikaa, inakakamaa tena. Mimi wiki za kawaida natembea, barafu naiwekea mashindano.

Kwa vyovyote, kabla ya kurudia mazoezi makali, simama kando ya ukuta, ruka na chaki mkononi, uweke alama juu uwezavyo. Alama ikiwa chini ya ile uliyoweka hivyo hivyo kabla ya maumivu, bado hujapona.