Darasa la takwimu la Jumamosi, Kondele: nyota nne, ya tano imeliwa na joto

Hii ni kwa wenzangu mnaosomea saikolojia au elimu hapa Kisumu, mliokwama kwenye sura ya majaribio yenye vigezo viwili, yaani yanayopima mambo mawili kwa mpigo. Darasa liko Kondele, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Jumamosi asubuhi, kwa muda wa saa tatu nzima, shilingi 500. Unalipa kwa M-Pesa kabla ya kuketi, na bei haipunguzwi hata ulie.

Kilichonifurahisha ni kwamba kompyuta hazifunguliwi mpaka saa ya mwisho. Mwalimu, mzee mstaafu mwenye sauti ya mhubiri, anachora ubaoni mraba wa visanduku vinne na kukukabidhi chaki. Alianza na jaribio la wanasaikolojia Godden na Baddeley la 1975. Wapiga mbizi walisikilizishwa maneno 36, mara wakiwa nchi kavu, mara wakiwa chini ya maji, kisha wakaambiwa wayakumbuke, ama pale pale ama upande wa pili. Tukajaza wastani wa maneno yaliyokumbukwa, mahali pa kujifunzia kwanza, pa kukumbukia pili: kavu na kavu, 13.5, kavu kisha majini, 8.6, majini kisha kavu, 8.4, majini na majini, 11.4.

Tukapiga wastani wa pembeni, yaani wa kila safu na kila mstari wa visanduku. Mahali pa kujifunzia palileta tofauti ya neno moja na ushei, 11.05 kwa 9.9. Mahali pa kukumbukia hapakufikisha hata neno moja, 10.95 kwa 10.

“Kwani maji hayana neno, mwalimu,” akasema kijana mmoja wa nyuma.

“Hayana neno? Njoo uchore mistari, kijana wangu.”

Akachora mstari wa waliosoma nchi kavu na wa waliosoma majini, ikakatana katikati ya ubao. Waliposoma nchi kavu, kuulizwa majini kuliwapokonya maneno 4.9. Waliposoma majini, kuulizwa huko huko kuliwaongezea 3. Yaani huwezi kusema maji yanafanya nini kwenye kumbukumbu kabla hujauliza mtu alisomea wapi. Huo ndio mwingiliano, na ukitazama wastani wa pembeni peke yake unaukosa kabisa. Mzee hakuficha pia kwamba jaribio hilo liliporudiwa na kuchapishwa 2021, matokeo hayakujirudia. Nilimheshimu kwa hilo. (Mtu akapendekeza turudie wenyewe pale Dunga, ziwani. Na viboko tuwaweke kisanduku gani?)

Kisha akageukia kazi zetu. Mimi ni mwalimu wa msingi upande wa Ahero, na utafiti wangu ni wa kusoma hadithi zenye picha na zisizo na picha, Gredi ya 3 na ya 6. Nilikuwa nimepanga majaribio mawili, moja la picha, jingine la gredi. “Mama, watoto 80 wanakutosha,” akaniambia, “makundi manne ya 20.” Nikilinganisha picha na bila picha, napata 40 kwa 40. Nikilinganisha gredi, ni 40 kwa 40 tena, watoto wale wale. Juu ya hapo napata swali ambalo majaribio mawili yasingenijibu: je, picha zinamsaidia mdogo kuliko mkubwa? Akakumbusha kwamba mtakwimu Fisher alikuwa akitetea mpangilio huu tangu miaka ya 1920, kwenye mashamba ya utafiti ya Rothamsted, Uingereza. Ila gredi siigawi mimi kwa kura, mtoto anakuja nayo, akasisitiza, kwa hivyo nichunge midomo nikifika kwenye kueleza sababu.

Sasa malalamiko. Kufikia saa tano chumba ni tanuri, na feni iliyopo inapuliza upande wa mwalimu tu. Huko chini wanajaribu injini bila huruma. Noti ni fotokopi ya fotokopi. Grafu ya ukurasa wa tatu ni weusi mtupu, na nikaishia kuipiga picha ubaoni. Vigezo vitatu, vile vya visanduku vinane, alivipitia mbio mbio dakika za mwisho, na kwa mtu wa uzamili hiyo ndiyo sehemu ya kulipia. Alipoulizwa alisema kuna kikao kingine. Shilingi 500 nyingine, bila shaka.

Kama unatafuta wa kukufanyia uchambuzi wa data, usipande ngazi hizo. Wawili walijaribu kumpa fleshi zenye data zao na akawarudishia. Nenda na kalamu, karatasi ya grafu na maji ya kunywa. Fika kabla ya saa mbili u nusu, ukae upande wa dirisha.