Vipunguza nguvu vya desibeli 30: vinailinda simu kweli

Ukiiunga simu kwa kebo na kituo cha mnara kinachotoa wati 20, bila kitu katikati, kipokezi chake kiko hatarini kuungua. Mimi huunga vipunguza nguvu hivi vitatu kwa mfululizo; kila kimoja hupitisha sehemu moja tu kati ya 1,000. Simu inabaki salama, tena inashika mtandao bila kuyumba. Cha kwanza, upande wa kituo, ndicho kinachobeba karibu joto lote, kwa hiyo nunua kile cha wati 50 chenye mapezi ya kupozea. Nyuma yake vidogo vya wati 2 vinatosha. Nati zinakaza vizuri. Ila maandishi ya wati ni madogo mno, na mtengenezaji ayarekebishe: ukivipanga kinyume, kile kidogo kitaungua.