Kakontena ka fotokopi ku barabara ya Kasapa: utafiti wa maprofesa kwa franka 1000

Bon, ndani ya juma moja watu watatu wameniuliza ile karatasi ya maua ya shaba nilitoa wapi, basi naandika hapa mara moja ili mniache. Ni hapa Lubumbashi, ku barabara ya Kasapa, kabla ya kufika kampus ya UNILU, chuo kikuu chetu, kakontena ka bluu kasiko na kibao. Ukisikia jenereta inanguruma na ukaona karatasi zimeanikwa ku kamba kwa vibanio vya nguo sawa vile soksi, umefika.

Kazi yao ya kila siku ni fotokopi, skani, na kufunga TFC na memware, zile kazi wanafunzi wanaandika kumaliza masomo, na kwa hiyo kazi nitawasema sana hapo chini. Kinachonirudisha mimi ni zile karatasi za kamba. Mzee mwenye mashine anatafuta makala za watafiti, zile za Kifaransa ao Kiingereza ambazo ukizifungua kwa simu megabaiti zinaisha na bado hujaelewa, anawapa wanafunzi wawili watatu wanazifupisha kwa Kiswahili, ukurasa mmoja mbele na nyuma, franka 1000. Iko ya dawa, iko ya udongo, ya mawe, ya makaburi ya zamani, yote inaning'inia pamoja bila mpango, siku moja nilikuta Ebola na mihogo mu kibanio kimoja.

Ile ya maua njo nzuri kupita zote. Mi nimezaliwa hapa hapa Lubum, yale maua ya zambarau nimeyakanyaga tangu utoto nikifikiri ni majani tu ya mupori. Kumbe yana jina refu, Haumaniastrum katangense, na yanapenda kuota pale shaba imejaa mu udongo mpaka majani mengine yanashindwa. Sasa mababu walioyeyusha shaba zamani waliacha udongo wao na shaba yake, miaka mamia inapita, tanuru limefukiwa, hakuna anayekumbuka, lakini maua yanakumbuka. Njo wachimbaji wa mambo ya kale wanayafuata sawa vile mtu anafuata harufu ya michopo, nyama ya kuchoma, saa kumi na mbili jioni. Niliisoma mara mbili mu taksi, nikapita kituo changu.

Ya Sanga pia inafaa, makaburi ya kule ku ziwa Kisale yaliyochimbwa mwaka 1957 na 1958, na vile visalaba vya shaba walivyozikwa navyo wafu, ambavyo kadiri miaka ilivyoenda vikawa vidogo na vya kufanana, ndipo watafiti wakasema hii sasa ni feza. Na ya Ebola wameiandika kwa akili: ile dawa ya mAb114 ilianzia kwa damu ya mtu aliyepona Ebola ya mji wa Kikwit ya 1995, kazi ya profesa Muyembe na Wamarekani, mwaka 2020 Marekani wakaipa ruhusa. Fupi, wazi, hakuna fujo.

Fujo inaanza ku vichwa vya habari. Huyu mzee anapenda kelele.

Chukua ya Penga Penga, mtaa wa hapa mjini. Wote tunajua vile moshi wa fonderi, kiwanda cha kuyeyusha shaba, ulivyofanya ule upande, udongo ukabaki uchi miaka na miaka. Watu wa agronomi wa UNILU walijaribu kuotesha majani yanayovumilia shaba, moja inaitwa Microchloa altera, pamoja na shokaa na mbolea. Mzee akaandika juu kwa herufi kubwa MAJANI YANAYOKULA SUMU. Hapana papa, hayakuli kitu! Sumu inabaki mule mule mu udongo, majani yanaifunika tu ili vumbi isiruke na mvua isiitelemshe ku manyumba ya watu. Mtu akisoma kile kichwa anaweza kesho akaenda kulima sombe pale akijua kumesafishwa.

Lakini ile iliyonikasirisha ni ya kobalti, madini wanayochimba huku. Ilibanwa mbele kabisa, KOBALTI INAZALISHA WATOTO VILEMA, na siku hiyo mama mmoja anayeuza lengalenga pale pembeni aliisoma pole pole akifuatisha kidole, kisha akauliza, “Papa, bwana yangu ni krezeri (mchimbaji wa mkono), na mimi niko na mimba ya miezi tano. Sasa nifanye nini?” Mzee akajibu bila kuinua kichwa ku mashine, “Mama, mi natengeneza tu karatasi.”

Ndiyo hiyo. Karatasi tu.

Bahati kulikuwa na kijana wa medsini mu foleni, akamwambia nguo za kazi za bwana zisiingie nyumbani na vumbi lake, na asikose CPN, kliniki ya wenye mimba, amwambie muganga ukweli juu ya kazi ya bwana. Mi nikaomba wanitolee makala nzima, franka 100 kwa ukurasa, nikaisoma usiku na kamusi. Ni ya mwaka 2020, madaktari wa UNILU na wa Leuven kule Ubelgiji, waliangalia watoto wa hapa hapa Lubumbashi, 138 waliozaliwa na kasoro ya kuonekana na 108 wasio nayo. Kilichotoka kwa nguvu ni kazi ya baba: kama baba anafanya kazi ya madini, hatari inapanda kama mara tano. Ila hesabu yenyewe inasema inaweza kuwa zaidi kidogo ya mara moja ao ifike mara 25, maana watoto walioangaliwa si wengi. Kwa hiyo hatari iko, mtu asidanganye, lakini ukubwa wake haujashikika, na kile kichwa cha habari kinamwambia yule mama kwamba mtoto wake tayari ni kilema. Si vile waliandika.

Nilirudi nikamwambia mzee. Akacheka, “Petit, karatasi yenye kichwa cha pole haiuziki.”

Sasa fotokopi zenyewe. Nyota 3 juu ya 5 na hapo nimemhurumia. Wino wa mashine ya kushoto ni hafifu, omba ya kulia. Umeme ukienda anaongeza franka 50 kwa kila ukurasa juu ya mafuta ya jenereta, na hasemi mpaka wakati wa kulipa, kwa hiyo nenda asubuhi mapema. TFC ya mudogo wangu ilifungwa na ukurasa wa 34 kichwa chini na wa 41 haupo kabisa, siku moja mbele ya kudeposa ku chuo, tukagombana mpaka watu wa taksi wakasimama, mwisho alirudilia bila kulipisha lakini alinuna. Hesabu kurasa zako pale pale mbele yake. Feza ndogo ya kurudisha hana kamwe, atakupa bombo (peremende), na bombo zenyewe zimelainika kwa joto la mashine.

Jumamosi nimepita tena. Ya maua imeisha, anasema mwalimu mmoja wa Katuba alibeba zote 20 kwa ajili ya darasa, subirini Jumatano. Ya kobalti iko bado mbele, kichwa ni kile kile, ila mwishoni mtu ameongeza alama ya kuuliza kwa Bic nyekundu. Na bei sasa ni franka 1200.