Kipau cha tano kiligoma nikiwa nimening'inia

Nimeshuka kwa kamba miaka mingi, lakini hakuna kifaa kilichonikasirisha kama reki hii mpya, fremu ya kushukia yenye vipau vya kukaba kamba: vipau vikizidi, unashuka polepole. Ni ile ya umbo la J, vipau sita vya alumini, na karibu kila kipau mkato wake, yaani pengo la kukipachika kwenye fremu, umechongwa kwa pembe ili ubane fremu.

Anayeshuka mashimo marefu anajua: ukiwa juu, uzito wa kamba iliyo chini yako ndio unaokukaba. Unaanza na vipau vinne hivi, unaongeza kadiri unavyoshuka. Mimi, kwa uoga, niliingia na vitano. Nikavuka ukingo, nikakwama, sisogei hata shibiri. Nikashika kipau cha tano nikifungue: hakitoki! Mkato umebana, tope limejaa, kidole gumba kinachuruzika damu, mapaja yamekufa ganzi kwa mkanda. Ikabidi niinue kamba kwa mkono na kuipitisha kidogo kidogo, muda ambao sitaki kuukumbuka.

Nilipomrudia aliyeniuzia, hata hakuitazama reki. "Reki haina shida kaka, ni wewe hujaizoea." Nilitoka pale natetemeka. Siku hiyo ningeandika neno moja tu: msinunue.

Ila haki yake niitoe. Reki yangu ya zamani ilikuwa na mikato iliyonyooka mitupu. Ilifunguka kwa kidole kimoja, raha kabisa, hadi siku niliposimama kwenye kijukwaa cha mwamba, kamba ikalegea, nikatazama na kukuta vipau viwili vimejifungua vyenyewe. Baridi ilinipanda mgongoni. Mkato wa pembe umewekwa kuzuia balaa hilo hilo. Na kwenye hii mpya kipau cha pili kimeachiwa mkato ulionyooka makusudi: ukipitisha kamba upande usio wake, kinaachia mapema, kabla hujaikabidhi uzito wako. Hapo aliyebuni namvulia kofia.

Alumini nayo inakaba vizuri kuliko chuma cha pua, ingawa inalika haraka na kuacha kamba na viganja vyeusi tii.

Kwa hiyo sijaitupa. Kile cha tano nimekitoa, nimeweka chenye mkato ulionyooka, na juzi nimeshuka nacho kwenye tope lile lile, kilifunguka nilipotaka. Kununua, nunueni, lakini kwanza fungueni kila kipau kwa mkono mmoja mkiwa bado mmesimama chini. Yule muuzaji ndiye simrudii.