TAHADHARI: Oili feki ya 10W-60 inauzwa kwa tunaobadilisha oili wenyewe

Wakuu, kuna mtu anauza oili ya injini iliyochakachuliwa kwa wenye magari ya spoti, na windo lake kubwa ni sisi tunaobadilisha oili wenyewe nyumbani. Jina lake silitaji kwa sababu akaunti anabadilisha kila anaposhtukiwa, na ukikariri jina moja utamwamini akirudi na jingine. Nitaeleza anavyofanya kazi na oili yake ilivyo, ili umjue kwa vitendo.

Gari langu ni BMW M3 ya toleo la E46, injini S54. BMW wanataka 10W-60 (namba za uzito wa oili, nitazieleza chini) kwenye injini hiyo, kama wanavyotaka kwenye S65 ya M3 iliyofuata na S85, ile V10 ya M5. S54 inazunguka hadi mizunguko 8,000 kwa dakika, na kila mwenye injini hizi tatu anajua kwamba beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki, mhimili mkuu wa injini) ndipo penye udhaifu. Kinachotenganisha beringi na krenki ni utando wa oili tu. Utando ukikatika chuma kinasaga chuma, na mwisho wake injini inanoki, yaani inagonga na kufa. Tena dashibodi ya E46 M3 ina mita ya joto la oili lakini haina mita ya presha. Ipo taa tu, nayo huwaka presha ikiwa imeshaporomoka. Kwa hiyo oili mbovu inaweza kula beringi taratibu, gari linaenda vizuri, na dashibodi haikuambii kitu.

Huyu bwana huanza kwa kukufuata kwenye ujumbe binafsi baada ya kukuona umeuliza jambo kuhusu oili. Ana adabu, anaijua lugha ya mafundi, na namba za injini anazitaja bila kukosea. Swali lake la pili au la tatu huwa ni hili: unabadilisha mwenyewe au unapeleka gereji? Lishike sana swali hilo. Fundi aliyeshafungua mamia ya madumu ya oili ya kampuni moja atahisi tofauti akishika mfuniko tu, na gereji inayojiheshimu haimimini oili isiyojua ilikotoka. Ukibadilisha mwenyewe, kati ya dumu lake na injini yako hakuna jicho jingine. Ukijibu kwamba unapeleka gereji, mazungumzo yanapoa hapo hapo. Nimelinganisha na wenzangu aliowafuata, mtindo ni ule ule.

Halafu inakuja hadithi ya stoki iliyobaki kwa timu ya mashindano. Hadithi hiyo inamjibia kila kitu: bei kuwa chini, katoni kuwa zimeshafunguliwa, risiti kutokuwepo. Anataka hela yote kabla ya kutuma. Ukiomba picha ya namba ya toleo iliyopigwa kwenye dumu, anakutumia picha nzuri ya lebo ya mbele, ambayo hukuiomba.

Madumu yaliponifikia niliyapanga mezani pamoja na dumu nililonunua kwa wakala rasmi. Kwa mbali ni mapacha. Kwa karibu, mfuniko wake ulikuwa na ile pete ya usalama, lakini vijiti vinavyoishikilia vilikuwa vimeunganishwa kwa gundi, na gundi ilionekana imekauka upande mmoja kama ukucha. Chini ya mfuniko, karatasi ya bati ilikuwa imebandikwa ikiwa na mikunjo kwenye ukingo. Namba ya toleo ilikuwa moja kwenye madumu yote, na nyingine kabisa kwenye katoni. Nilipopitisha kidole chenye mafuta juu ya namba hiyo, wino ulifutika. Kwenye dumu halisi haikuguswa, maana imechomwa kwenye plastiki.

Lakini ushahidi mkubwa ulikuwa kwenye lebo ya nyuma, na huu hata ukiwa na picha tu unaweza kuuona. Waliochapa walijaza kila kibali cha watengenezaji magari walichowahi kukisikia: Porsche A40, BMW Longlife-04, VW 504 00, vyote kwenye dumu la 10W-60. Haiwezekani. VW 504 00 ni kiwango cha oili za daraja la 30 (daraja ni namba iliyo baada ya W). A40 kwa kawaida utaikuta kwenye 0W-40 na 5W-40. Oili moja haiwezi kuwa daraja la 30 na la 60 kwa wakati mmoja. Hali kadhalika ukiona dumu limeandikwa API SP (kiwango cha oili cha API, taasisi ya petroli ya Marekani) huku tarehe ya kutengenezwa ikiwa ya 2018, achana nalo, kwa sababu kiwango cha SP kilianza Mei 2020. API wana orodha ya oili zenye leseni kwenye intaneti, inasomwa bure.

Soma pia maneno yanayozunguka vibali, kwa maana hata oili isiyo feki huuzwa kwa ujanja huu. Kuandika kwamba oili "imeidhinishwa" na mtengenezaji wa gari ni jambo moja. Kuandika "inafaa kwa" au "inakidhi viwango vya" ni muuzaji anajisemea mwenyewe. Kibali cha kweli huwa na namba, na namba hiyo unaikuta kwenye orodha ya mtengenezaji wa gari.

Sikuimimina. Usiku huo niliweka vikombe viwili kwenye friza, kimoja oili yake na kingine ile halisi. Friza ya nyumbani hufika karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Oili ya 10W hupimwa uwezo wa kuruhusu injini kuwaka kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, kwa hiyo kwenye friza ilipaswa kuwa nzito lakini itiririke. Ile halisi ilitiririka. Yake ilishuka kwa donge, polepole, huku sehemu yake nyingine ikigoma kwenye kitako cha kikombe. Kipimo hiki hakitoshi kumhukumu mtu, ila kinatosha kukuzuia usiimimine.

Nikapeleka sampuli maabara inayopima oili za mashine. Daraja la 60, likipimwa kwenye nyuzi 100, lazima liwe kati ya sentistoki (kipimo cha uzito wa oili) 21.9 na 26.1. Daraja la 40 ni kuanzia 12.5 hadi chini ya 16.3. Yake iliangukia humo kwenye la 40. Na hilo lilikuwa dogo. Majibu yalionyesha chuma na shaba kwa kiasi ambacho oili mpya haina sababu ya kuwa nacho, kwa sababu madini hayo hutoka kwenye injini inayosagika. Maana yake ile ni oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini za watu, ikachujwa, ikatiwa rangi, ikarudishwa dukani. Nilipomtumia majibu hayo alinijibu kwamba maabara imechanganya sampuli, kisha akaniblock.

Linaloniuma zaidi ni kwamba anaiuza 10W-60 kwa kila gari la spoti. Mwenye Toyota GR86 aliambiwa na mtu huyu huyu kwamba 0W-20 ni maji na itamuulia injini. Ndugu zangu, hapana. GR86 imetengenezwa kwa 0W-20: nafasi za beringi, pampu, na mfumo wa kubadilisha majira ya valvu unaoendeshwa kwa presha ya oili, vyote vimepigiwa hesabu ya oili hiyo. Nissan GT-R ilikuwa ikitoka kiwandani na 0W-40. Namba iliyo kabla ya W inahusu oili ikiwa ya baridi, iliyo baada inahusu oili ikiwa ya moto. Nzito kuliko inavyotakiwa huchelewa kufika juu kwenye kemishafti (mhimili unaofungua valvu) asubuhi, na nyepesi kuliko inavyotakiwa hukatika beringi zikielemewa. Anza na kitabu cha gari lako. Kama unapeleka gari kwenye mashindano ya uwanjani na unataka kupanda daraja, muulize aliyejenga injini za aina hiyo, si anayeuza oili.

Pamoja na oili huwa anakupachika filta na chupa ya dawa ya kuongeza kwenye oili. Filta niliyoletewa niliikata: mikunjo ya karatasi ilikuwa michache na imeachana, na mpira unaozuia oili isirudi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) ulikuwa mgumu kama plastiki. Filta ya namna hiyo utaijua asubuhi, injini inalia kwa sekunde kadhaa kabla oili haijapanda. Kuhusu dawa za kuongeza, hadithi ni ya zamani. Mwaka 1997 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano na watengenezaji wa dawa ya Slick 50 baada ya kuwashtaki kwa madai ya matangazo yasiyo na uthibitisho, na kampuni nyingine zilifuata miaka iliyofuata. Oili yenye kibali imeshachanganywa kila inachohitaji.

Kama umeshaimimina, usiwashe gari ili uone itakuwaje. Pandisha gari kwenye stendi, kamwe usilale chini ya jeki peke yake, na umwage yote. Ikiwa katikati ya kutoka, si mwanzo wala mwisho, kinga kiasi kwenye chupa safi kwa ajili ya kupima. Toa filta, ikate, ufungue karatasi yake juani. Ukiona vumbi linalometameta, pitisha sumaku. Yanayonata ni chuma. Yasiyonata huenda yanatoka kwenye beringi, na hapo usiendeshe tena mpaka sampu ifunguliwe. Kama karatasi ni safi, weka filta halisi na washa (pete bapa ya kuzibia) mpya kwenye nati ya sampu, funga kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kiasi cha kitabu, hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umeganda kwenye injini, mimina oili sahihi, na uibadilishe tena mapema kuliko kawaida. Usitumie ile dawa yake ya kuongeza.

Na tunaobadilisha nyumbani tuna sehemu yetu ya kuwanyima hawa watu mali. Dumu tupu lenye lebo nzuri lina mnunuzi, na mnunuzi mwenyewe ndiye huyu. Toboa dumu, chana lebo, kata mfuniko kabla hujatupa. Oili chafu ipeleke panapokusanywa rasmi. Ukimpa yeyote anayepita na pipa bila kujua anaipeleka wapi, inaweza kukurudia kwenye dumu jipya.

Waliokwisha kununua kwake na bado wana dumu lililofungwa: msilifungue, na msilirudishe kwake hata akiahidi kurudisha hela yote siku hiyo hiyo. Ameshawaahidi wengine hivyo, madumu yakarudi, hela haikurudi, na ushahidi ukaondoka nao. Lipige picha pande zote, namba ya toleo ionekane vizuri, tunza mazungumzo na uthibitisho wa malipo, kisha peleka malalamiko kwa kampuni yenye nembo, kwa mlipishaji (benki au kampuni ya malipo) uliyepitishia hela, na kwa mamlaka ya kulinda walaji. Kampuni yenye nembo ndiyo ianze, kwa kuwa wao wanaweza kuthibitisha kwa maandishi kwamba namba ile ya toleo si yao, na karatasi hiyo ndiyo mlipishaji atakayoiomba.